Wawindaji Wawili wa Bwana Shamba

Mimi si mtu wa kutapika hovyo. Nimeuza samaki wakavu miaka mingi, na muuza samaki akiwa na tumbo la kuchaguachagua atakufa njaa. Lakini naikumbuka meli ya kwenda Mwanza, zamani, kabla bendera haijabadilishwa. Nilikuwa nakwenda kumwona kaka yangu, aliyekuwa na kazi kwenye kinu cha pamba. Pembeni yangu alikaa mama mmoja mnene, mpole, mwenye kikapu kilichofunikwa kwa majani ya mgomba. Safari nzima alinitunza. Alinipa viazi vyake, akanipa na khanga yake nijifunike baridi ya ziwa. Asubuhi, Mwanza imeanza kuonekana, akafunua kikapu. Nikaona samaki wake wanatikisika. Samaki mfu hatikisiki. Walikuwa funza. Yule mama akawapangusa kwa kiganja kama mtu anayepangusa unga mezani, akamega kipande, akala, akanimegea na mimi.

"Kula, mwanangu. Hao wametoka humohumo, si wageni."

Nikakimbilia ukingoni mwa meli, na viazi vyote vikaenda kwa samaki wa ziwa, ambao labda nao walikuja kuuzwa. Mama yule akanishika mgongo huku akicheka.

Habari za kaka yangu nitaziacha, alikuwa mlevi na sasa ni marehemu. Ninachotaka kusema ni kwamba yule mama sikumchukia hata siku moja. Kinyaa changu kiliisha nilipokwisha nawa uso. Nilidhani kila kinyaa ni hivyo, kinakuja na kinapita. Kumbe kipo kinachokaa. Mpaka leo, nikiona vunjajungu kwenye ukuta amesimama na mikono yake imekunjwa kama katekista, chakula kinanikwama. Na chanzo chake ni yule aliyekuwa Bwana Shamba wetu hapa Nshamba.

Jina lake naliacha. Ana watoto mahali fulani, na watoto hawana kosa.

Alitujia muda mfupi baada ya Uhuru, mkoa wetu ukiwa bado unaitwa Ziwa Magharibi. Alipanga nyumba ya bati iliyopakana na kibanja cha mama yangu, yaani shamba lake la migomba lenye nyumba ndani yake, kiasi kwamba akikohoa tunamsikia. Kaptula yake ilikuwa na marinda makali kama wembe. Soksi zake zilifika magotini na zilikuwa nyeupe, katika nchi ambayo mvua ikinyesha udongo mwekundu unapanda mpaka kwenye kope. Kucha zake alizikata kila Jumamosi. Wavuvi hakuwapa mkono, aliwapungia tu. Mimi nami hakunipa mkono mwaka mzima, kwa sababu ya samaki. Tena tulimheshimu kwa hilo! Tulisema: mtu msafi yule, amesoma.

Basi mtu huyo msafi ndani ya nyumba yake alifuga wadudu.

Alikuwa nao wa aina mbili, na kila aina alikuwa na wengi. Wa kwanza ni hao vunjajungu, wa kijani na wa kahawia, aliowatoa kwenye mibuni na kwenye majani ya migomba. Aliwaweka kwenye chupa zilizofungwa kitambaa. Wa pili, jina lake la Kiswahili silijui mpaka leo. Sisi tulimwita mdudu wa mafunjo, kwa sababu anakaa kule Kemondo ambako mafunjo yameingia majini na maji yamelala. Ni mpana, bapa, ana rangi ya jani lililooza, urefu wake kama kidole gumba cha mwanamume na zaidi. Miguu ya mbele imepinda kama ndoano. Wavuvi wanamjua na wanamlaani, maana ukitia mkono kwenye wavu bila kuangalia anakuchoma, na ukichomwa utadhani umeshika kaa la moto. Ukimkamata anajifanya amekufa. Kisha anakutemea maji yanayonuka, na hakutemei kwa mdomo. Nadhani nimeeleweka.

Aliyemletea hao wa mafunjo ni mimi. Lazima niseme. Nilikuwa nakwenda Kemondo kununua samaki kila wiki, na siku moja Bwana Shamba akaniita ugani kwake.

"Wewe unakwenda ziwani. Niletee wale wadudu wapana. Wazima, na uwatie maji njiani."

"Wa nini, waitu?" Ndivyo tunavyomwita mtu wa heshima.

"Wa elimu."

Nilikuwa mtu mzima, nina mke na watoto wawili, lakini shule nilitoka darasa la pili. Mtu akiniambia neno elimu sibishi. Nikamletea sita kwenye debe, nao njiani walikuwa wamekulana, wakabaki wanne. Akafurahi kama amepata ng'ombe. Akaanza kuniita "mtaalamu wangu" mbele za watu. Hapo ndipo aliponinunua, kwa neno moja.

Kazi yake ilikuwa ni kuwalinganisha. Ndiyo raha aliyokuwa nayo, hakunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, hakucheza bao, hakwenda kwa wake za watu. Aliketi kati ya chupa na beseni, anatazama huku, anatazama huku. Aliniketisha naye, na alinieleza mpaka nikayajua kama sala.

Vunjajungu, alisema, ni mwindaji wa hewa na mwanga. Anasimama mahali peupe, ila anafanana na jani. Anasubiri kitu kipite. Kikipita anakishika kwa mikono miwili na kuanza kukila kikiwa hai, taratibu, kama mtu anayekula hindi la kuchoma, na hana haja ya kukiua kwanza. Nilimwona akila panzi kuanzia usoni, miguu ya panzi bado inarusharusha. Akimaliza anadondosha mabawa chini, ananawa uso kwa mikono kama paka. Na jike akiwa na dume lake anaweza kumla kichwa wakiwa bado wako pamoja, na dume bila kichwa anaendelea na shughuli yake. Samahani kwa wanaosoma na watoto, lakini niliona.

Yule wa mafunjo ni mwindaji wa tope. Ananing'inia kichwa chini ndani ya maji, ametoa kijimkia nje apumue. Chura akikaribia anamkumbatia. Hatafuni, hana meno. Anamdunga sindano, anamtia mate yake, na mate yale yanampika chura kwa ndani mpaka nyama inakuwa uji. Kisha anafyonza. Chura anabaki na macho wazi, anaendelea kukonda mbele yako, mpaka inabaki ngozi tupu inayoelea kama soksi.

"Unaona, mtaalamu wangu? Yule anatafuna, huyu anakunywa. Yule anaacha mabaki, huyu anaacha gamba. Yupi mwenye akili?"

"Mimi naona wote ni wabaya, waitu."

"Maumbile hayana adabu," alisema. Ndiyo ilikuwa kauli yake. Mvua ya mawe ikipiga mibuni, maumbile hayana adabu. Mtoto wa jirani akifa kwa surua, maumbile hayana adabu, mbele ya mama mzazi.

Na alikuwa na swali. Aliliuliza kwenye ngazi za kanisa, aliliuliza dukani, aliliuliza kwenye msiba. "Ukilazimishwa kufa kwa mmoja wao, utamchagua yupi?" Katekista alimjibu kwamba yeye anaomba kifo chema kwa maombezi ya Mtakatifu Yosefu, hayo mengine anamwachia Mungu. Mzee mmoja aliyekuwa akikanyaga ndizi za rubisi, miguu yake imo kwenye mtumbwi wa kukamulia, majani yamefika magotini, alisema: "Mimi yule anayekunywa. Tutasikilizana." Tulicheka mpaka yule mzee akateleza. Bwana Shamba hakucheka. Alitaka jibu la kweli.

Mama yangu aliulizwa wakati anamenya ndizi. Mama alikuwa mjane, mdogo wa mwili, sauti yake haikuzidi ya kuku anayeatamia. Akasema bila kuinua macho: "Mimi nataka kufa kitandani kwangu, waitu, nizikwe hapo nyuma karibu na mume wangu. Wadudu watakuja wenyewe, hawana haja ya kuchaguliwa."

Sasa niseme na mema yake, nisije nikaonekana nasema uongo. Mwaka wa kwanza alibeba miche ya kahawa kichwani kutoka barabarani, mvua inanyesha, akampa mama yangu miche thelathini, akachimba mashimo mwenyewe, soksi nyeupe zikawa nyekundu. Alimfundisha kukata matawi. Ndiye pia aliyetufundisha mitego ya fukusi wa migomba, na mitego ile ilikuwa mizuri.

Fukusi nimweleze, kwa wasiolima ndizi. Ni mdudu mdogo mweusi, mgumu, ana pua kama mkonga. Anataga kwenye shina la chini la mgomba, na funza wake anatoboa humo ndani njia nyingi nyingi. Nje mgomba unaonekana mzima. Siku upepo ukija na mkungu umeshaning'inia, mgomba unaanguka na mkungu wake, na ukiangalia kwenye mzizi ni kama sponji iliyooza. Basi mtego ni huu: unachukua shina la mgomba uliokwisha kuvunwa, unapasua katikati, unalaza kipande kifudifudi karibu na mgomba mzima. Harufu inawaita fukusi usiku kucha. Alfajiri unafunua, unawaokota, unawatia kwenye maji ya moto. Kila alfajiri. Ukikosa kufunua, umewaalika fukusi wa nchi nzima karamuni na umewaacha walale hapohapo. Mama yangu hakukosa hata Jumapili. Alifunua kwanza, ndipo akaenda Misa.

Narudi kwa Bwana Shamba. Kula kwake. Kwetu sisi Wahaya mtu anayekula peke yake amegeuza mgongo tunamwona mchawi, au mgonjwa. Yeye alikula ameuangalia ukuta. Ukimkuta anakula alifunika sahani. Msimu wa senene ulipofika, mji mzima uko nje unakimbiza senene, watu wanacheka, wanaangukiana, mama alimkaangia bakuli zima na kumpelekea. Senene wa kwanza wa mwaka, hebu fikiria heshima hiyo! Alilitazama lile bakuli, akarudi nyuma.

"Mnakula wadudu? Bado tu, na Uhuru tumepata?"

Mama akasimama na bakuli lake. Na nyuma yake, mezani, karibu na mkate wake, palikuwa na beseni la yule wa mafunjo, na kidole chake yeye mwenyewe kilikuwa kimelowa maji yale. Nilimwona kwa macho yangu akikilamba kufungulia ukurasa wa daftari. Nililila lile bakuli mimi, njiani, na mama akiniangalia kwa uchungu.

Kitu kingine. Dume la mdudu wa mafunjo hubeba mayai mgongoni. Jike anayabandika yote juu yake, yamepangana kama buni kwenye ungo, na dume anatembea nayo siku nyingi, anapanda juu yapate hewa, anashuka, hata kuruka hawezi. Bwana Shamba aliyapenda hayo kuliko yote. Alinionyesha machozi yakimlenga. "Huyu ndiye baba," alisema. "Vunjajungu hawezi kuwa baba, anaishia tumboni mwa mkewe. Huyu anabeba." Nikaguswa, nisiseme uongo.

Haukupita mwezi, akaja mwanamke kutoka Bukoba, ameshuka basi na watoto wawili, wa kike na wa kiume, wana paji la uso lilelile. Wakasimama ugani kwake. Hakuwaingiza ndani. Alitoka, akafunga mlango kwa ufunguo, akawasindikiza barabarani, akawapandisha basi lilelile likigeuza. Yule mtoto wa kiume alikuwa ameanza kuvua viatu ili aingie ndani. Alivivaa tena amesimama, mguu mmoja mmoja, ameshika ukuta wa nyumba ya baba yake. Mama yangu aliona yote kutoka kwenye migomba. Aliniambia: "Mwanangu, usimletee tena wale wadudu."

Nilimletea. Nilikuwa mtaalamu.

Mkutano sasa. Siasa ya ujamaa ilikuwa imepamba moto, kila mtumishi anatakiwa afundishe. Wengine walifundisha kwa nyimbo. Bwana Shamba alileta beseni na chupa uwanjani, akaweka juu ya meza iliyofunikwa bendera ya kitambaa. Watu wamekuja na masikio yao kusikia habari za mbolea. Akasema leo tutawajua wanyonyaji wa aina mbili. Akamtia chura kwenye beseni.

Mimi nilikuwa mbele, maana ndimi niliyebeba beseni. Mwanzoni watu walisogea. Yule wa mafunjo alimkumbatia chura kwa nyuma, na chura akatoa sauti ndogo, sauti ya mlango. Bwana Shamba anaeleza, sauti yake tamu, huku chura anaingia ndani ya nafsi yake, ngozi inakunjamana mapajani, tumbo linazama, macho yanatutazama. Akina mama wakaanza kuondoka na watoto. Kijana mmoja mlevi akapiga kelele kutoka nyuma: "Huyo wa kwenye beseni ni mwenyekiti! Mwangalieni tumbo!" Watu wakaangua kicheko, mwenyekiti wa kijiji akasimama kwa hasira, na mimi hapo katikati ya kicheko nikatapika. Nilitapika juu ya meza, juu ya ile bendera. Nilikuwa nimeshika meza mikono miwili na niliona uso wa Bwana Shamba umeinama juu ya beseni. Alikuwa anatabasamu. Hakutusikia, sisi wala kicheko. Midomo yake ilikuwa inafyonza, kidogo kidogo, pamoja na yule mdudu, bila yeye kujua.

Kinyaa kile ndicho kilichokaa. Si cha chura.

Baada ya hapo ungedhani ningemkimbia. Sikukimbia. Mtu akishakuita mtaalamu mara mia, unahitaji mara ya mia na moja.

Ikafika siku akasema amegundua. Mitego ya fukusi ni kazi ya bure, jasho la bure. Wawindaji wapo, waachwe wafanye kazi yao. Msifunue vipande alfajiri, maana mkifunua mnawafukuza vunjajungu. Laza kipande, kiache, mwindaji atakuja mwenyewe kwenye karamu. Alisema hivyo nyumba kwa nyumba. Wakulima wengi walisema "ndiyo, waitu" kwa adabu, kisha alfajiri wakafunua kama kawaida, maana Mhaya humwambii kitu kuhusu mgomba wake. Ila mama yangu alikuwa na wasiwasi, na akaniuliza mimi.

"Wewe unakaa naye. Umeona hao vunjajungu wakila fukusi?"

Hapa ndipo ninapotaka kuruka mstari. Sitaruka.

Nilikuwa nimeona. Wiki moja kabla, Bwana Shamba alitia fukusi kumi kwenye kopo kubwa pamoja na jike la vunjajungu lenye njaa. Tukakaa pande mbili za kopo. Fukusi akiguswa tu anakunja miguu, anaanguka, anakuwa kama punje ya buni iliyokaangwa. Na vunjajungu haoni kitu kisichotikisika. Alisimama juu yao. Aliwakanyaga. Mchana kutwa hakula hata mmoja, na fukusi wote kumi tuliwatoa wazima. Nikamtazama Bwana Shamba. Akasema: "Humu ndani ana hofu. Shambani atakula." Akafunga kopo, na hatukulizungumza tena.

Mama anangoja jibu, ameshika kibuyu chake cha maji ya moto ya kuulia fukusi. Nikamwambia: "Wanakula, mama. Ni elimu."

Akaacha kufunua.

Mwaka wa kwanza haikuonekana. Wa pili, upepo wa masika ulipokuja, tulisikia migomba ikianguka kama watu wanaokaa chini kwa uchovu. Ilianguka na mikungu michanga. Mama alikuwa akitoka anaiegemeza kwa vijiti, kesho yake imelala na vijiti vyake. Kibanja kile kililimwa na babu wa baba yangu. Ulipofika mwaka wa tatu ulikuwa unasimama mlangoni na kuona mpaka barabarani, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Ni wakati huohuo vijiji vipya vilianza. Kwetu wengi walibaki kwenye vibanja vyao, lakini kamati ya kijiji iliamua kwamba mwenye kibanja kisichomlisha atahamia kijiji kipya cha ujamaa kule rweya, kwenye nyasi tupu, ambako hata mgomba wa kukupa kivuli hapana. Ikasemwa pia kwamba Bwana Shamba atazunguka na mwenyekiti. Akisema kibanja kinaponyeka, mwenyewe anabaki. Akisema hakiponyeki, jina linaandikwa.

Nilimwendea siku moja kabla. Nilimkuta anabadilisha maji ya beseni.

"Bwana Shamba, kesho mnakuja kwa mama."

"Najua."

"Kibanja kinaponyeka. Tung'oe mashina yote yaliyooza, tupande machipukizi safi, turudishe mitego. Ulinifundisha wewe mwenyewe."

"Kinaponyeka," alisema. "Miaka miwili."

"Utasema hivyo?"

"Nitasema."

Nikamshukuru kwa mikono miwili. Nilimwambia mama, na mama akafagia uga mzima, akachemsha ndizi za mwisho mwisho, akatayarisha maji ya kunawa kwenye bakuli la bati.

Mwenyekiti alifika kwanza, tumbo mbele, karatasi mkononi. Si mtu mbaya, ila hakusahau kile kicheko cha uwanjani. Bwana Shamba akafika nyuma yake, kwa miguu, soksi nyeupe. Tukaingia wote wanne migombani. Mwenyekiti aliupiga mgomba mmoja kwa kiatu, ukavunjika, na humo ndani funza weupe wakaanza kujikunjakunja kwenye jua. Bwana Shamba akachukua mmoja, akambinya katikati ya vidole viwili mpaka akapasuka, akanusa.

"Basi, Bwana Shamba," mwenyekiti akasema. "Hiki kinapona, hakiponi?"

Bwana Shamba alimpita. Alikuwa ameona kitu kwenye mbuni, mmoja wa ile thelathini aliyompandia mama. Akachuchumaa. Vunjajungu wawili, dume na jike, na jike ameshafika shingoni.

"Njooni muone," alisema kwa sauti ya chini.

"Waitu," mama akasema, "mwenyekiti anakuuliza."

"Subiri, mama. Anamaliza."

Tukasubiri. Watu wazima watatu, katika kibanja kinachokufa, tunasubiri mdudu amalize kumla mumewe. Nilisikia taya zake. Watu wanasema haiwezekani kuzisikia. Nilizisikia. Na Bwana Shamba midomo yake ilikuwa imeanza ule mchezo wake.

"Jibu, Bwana!" Nilipiga kelele. Sikuwahi kumpigia kelele.

Akageuza uso kama mtu aliyeamshwa. Akautazama mgomba uliovunjika, akamtazama mwenyekiti.

"Kibanja kimechoka," alisema.

Mama alishika kifua. "Nilikutii, waitu. Ulisema nisifunue, sikufunua."

"Nilishauri wote, mama. Wenzako walifunua, na vibanja vyao si hivyo pale? Kila mtu ana macho." Kisha akanielekezea mimi kidole kilekile chenye maji ya funza. "Huyu mwanao alikuwepo. Kopo aliliona kama nilivyoliona mimi. Muulize kama vunjajungu alimgusa hata mmoja."

Mwenyekiti akaandika. Aliandika polepole, akiyatamka majina yote ya mama moja moja, lile la ubatizo na lile la nyumbani. Kahawa ilipokwisha kuvunwa mama alihamishiwa rweya. Hakuna aliyeyahamisha makaburi.

Lakini wakati ule bado alikuwa amesimama pale, na bakuli la maji alilomletea mgeni anawe, kwa sababu mgeni amechafuka mikono, na adabu ni adabu. Alinigeukia.

"Kopo gani, mwanangu?"

Bwana Shamba alikuwa anajifuta vidole kwenye jani la mbuni. Alijifuta kimoja kimoja, mpaka kwenye kucha. Akainuka, akavuta soksi zake juu, akapita katikati yetu bila kunawa na bila kuaga, akashika njia ya kwenda barabarani. Migomba haikuwepo ya kumficha, kwa hiyo nilimwona muda mrefu. Mama aliuliza tena, na mimi nikaendelea kumtazama yule mtu, mgongo wake, kaptula yake, zile soksi nyeupe zikipishana, mpaka barabarani, mpaka kwenye kona. Hata nyumbani kwake, hapo jirani, hakurudi tena.